Niliitibu ngiri ambayo sikuwa nayo

Jumapili usiku kijana mmoja wa Tandika kaniandikia. Ana miaka 26, korodani yake ya kulia imevimba tangu Alhamisi, akikojoa anasikia moto. Kaka yake kamwambia ni ngiri na tayari kamletea chupa ya mizizi. Mwisho wa ujumbe kaandika: "Kaka, naomba hili libaki kwetu."

Nilimjibu palepale kwamba Jumatatu asiende kazini, aende hospitali. Halafu sikulala. Ujumbe ule ungeweza kuwa wangu wa miaka 4 iliyopita, tofauti ni kwamba mimi sikumwandikia mtu.

Nilikuwa na miaka 31, ndoa ya miezi 7, na meza ya vitenge Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Nilikuwa natafuta fremu. Najua wengi mnaonisoma mpo hapohapo: mtaji mdogo, ndoa changa, hutaki siku ipite hujauza. Ndiyo maana maumivu yalipoanza Jumanne nikayasingizia kazi. Nilikuwa nimebeba marobota tangu alfajiri, nikasema nimejitegua. Jioni nikashuka daladala Mbagala natembea nimetanua miguu.

Jirani yetu, mzee ninayemheshimu hadi leo, aliniangalia ninavyokaa akasema, "Mwanangu, hiyo ngiri, imeshuka." Huku kwetu Pwani ngiri inabebeshwa kila kitu: kiuno kikiuma ngiri, tumbo likiunguruma ngiri, nguvu zikipungua ngiri. Nikanywa mizizi yake siku 3. Ilipozidi nikaenda duka la dawa. Muuzaji alikuwa dada, nyuma yangu watu wamesimama, basi nikasema tu "mkojo unaniuma". Nikapewa vidonge vya rangi mbili, nusu dozi kwa sababu ndiyo hela niliyotoa, pamoja na diklofenaki ya kutuliza maumivu. Maumivu yakatulia siku 2. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye marobota.

Usiku wa siku ya 8 homa ikanipandia hadi kitanda kikatetemeka. Korodani ya kushoto ilikuwa kama embe bichi, ngumu, ina joto, ngozi imevutika inang'aa. Shuka likiigusa nauma meno.

Hospitalini nilipokelewa na daktari wa kike, mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho. Nilitaka kuondoka. Yeye hakushtuka wala hakucheka, aliniuliza tu: yalianza ghafla au yalipanda taratibu? Ulitapika? Mkojo unawaka? Kuna uchafu unatoka? Nikamuuliza kwa nini anakazania hilo la ghafla. Akanieleza kwamba korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu, na kamba hiyo inaweza kujisokota, hasa kwa vijana wa umri wa kubalehe. Hapo maumivu huja kwa kishindo, mara nyingi na kutapika, na upasuaji unatakiwa ndani ya kama saa 6, la sivyo korodani inaweza kufa. "Ungeniambia ghafla," alisema, "tusingekaa hapa tunaongea." Mzazi mwenye kijana wa kiume, hilo lishike. Mtoto akiamka usiku analia korodani, usichemshe mizizi, kimbia.

Yangu ilipanda taratibu. Mkojo ukapimwa, altrasaundi ikapigwa, jibu likawa epididimitisi. Nyuma ya kila korodani kuna mrija mwembamba uliojikunjakunja, epididimisi, ambamo mbegu hukomaa na kuhifadhiwa. Ukinyooshwa unafika kama mita 6. Bakteria wanaingia kwenye njia ya mkojo, wanapanda hadi huko, mrija unavimba. Kwa mwanaume wa chini ya miaka 35 mwenye kushiriki ngono, mara nyingi ni magonjwa ya zinaa, klamidia au kisonono. Kwa wazee mara nyingi ni bakteria wa kawaida wa tumboni waliopitia kwenye mkojo, hasa tezi dume ikiwa imekua na mkojo hautoki wote. Kwa hiyo dawa ya baba yako inaweza isiwe dawa yako.

Ngiri ni kitu kingine kabisa. Ni utumbo unaosukuma kupita mahali palipolegea kwenye misuli, na mara nyingi ukilala chali unarudi ndani. Busha nalo tunalijua sana mji huu, hukua polepole na kwa kawaida haliumi. Uvimbe wangu haukurudi nikilala, na uliuma. Ishara zilikuwepo, sikutaka kuzisoma.

Nilichomwa sindano moja ya seftriaksoni, nikapewa vidonge vya doksisaiklini asubuhi na jioni kwa siku 10, zote dawa za kuua bakteria. Nikaambiwa nilale na taulo lililokunjwa chini ya korodani, niweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, nisibebe mizigo. Na nimlete mke wangu.

Hilo la mwisho sikulifanya.

Nilimwambia mke wangu ni ngiri. Dawa nilizificha kwenye mfuko wa koti na kuzinywa kazini. Nikamaliza dozi, homa ikaisha, uvimbe ukachukua wiki kadhaa kunywea, na daktari alishanionya ingekuwa hivyo. Nikajiona mwanaume niliyemaliza tatizo langu mwenyewe. Miezi 3 baadaye nikarudi kwenye benchi lilelile, upande uleule, maumivu yaleyale. Daktari aliuliza swali moja: "Mkeo alitibiwa?"

Mke wangu hakuwa na dalili hata moja. Wanawake wengi wenye klamidia hawana, huku inaweza kuharibu mirija yao ya uzazi kimyakimya. Nilikuwa nimejitibu mimi na kumwacha yeye, halafu nikajitia ugonjwa upya.

Nilipomwambia alilia, akasema, "Mume wangu, kilichoniuma ni ile ngiri." Alikwenda kupima kesho yake. Lakini mimi nilikuwa nimemweleza kaka yangu mkubwa kwa siri, naye akalipeleka kwenye kikao cha familia. Mke wangu aliketi amejifunika khanga hadi machoni huku watu wazima wakiulizana nani kaleta. Klamidia inaweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili, na sisi tulikuwa na miezi 7 tu ya ndoa nilipoanza kuumwa. Hakuna daktari angeweza kujibu swali lile, sembuse wajomba. Nimemsamehe kaka yangu, ila kikao kile bado kinaniuma.

Ndugu zangu wanaume, tunashindana kufungua maduka na kujenga Chanika, halafu tunashindwa kuvua suruali mbele ya daktari. Nenda kapime. Usinunue nusu dozi. Ukianza vidonge vimalize hata kama maumivu yameisha siku ya 4. Msikutane kimwili hadi wote mmemaliza dawa na dalili zimeondoka. Mwingine yeyote uliyekuwa naye miezi 2 kabla ya dalili naye apate taarifa, hata kama mmeachana kwa ugomvi. Ukiacha, usaha unaweza kujaa, mrija unaweza kuziba, na mtoto unayemsubiri asije. Mimi wangu ana miaka 2 sasa, na fremu nimepata. Nenda kapime.

Leo Jumanne kijana wa Tandika kajibu. Siyo ngiri. Kachomwa sindano, ana vidonge vya siku 10, chupa ya mizizi kaimwaga. Sasa anauliza amwambieje mchumba wake. Nimemwandikia: mwambie umeumwa, umepimwa, daktari anataka muende wote Alhamisi. Neno "nani" usilitamke. Na mkiona aibu nipigieni, nitawasindikiza hadi getini.