Swali: Kwa nini chapati zangu zinakuwa ngumu, na donge linarudi ninaposukuma?

Swali. Shikamoo mwalimu. Nauza chai na chapati karibu na stendi hapa Morogoro, huu ni mwezi wa nne. Kila alfajiri nakanda kilo mbili za unga mweupe wa ngano kwa maji baridi, chumvi na mafuta kidogo. Nakanda kwa nguvu hasa, na unga ukinata mikononi naongeza unga mkavu mpaka uache kunata. Nikimaliza nakata madonge na kusukuma hapo hapo, maana wateja wa kwanza wanafika saa kumi na mbili. Shida yangu, donge linarudi. Nalifungua, linajikunja tena, chapati inabaki ndogo na nene. Ikiwa ya moto inalika, lakini ikifika saa nne imekuwa kama ngozi. Jirani ananiambia nitie baking pauda, mwingine anasema unga ninaonunua ni mbaya. Na viganja vinaniuma mpaka nafikiria kukopa ninunue mashine ya kukandia. Nakosea wapi?

Jibu. Marahaba mwanangu, na pole na kazi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na zote mbili nimekwama pale unaposema unaongeza unga mkavu mpaka uache kunata. Hapo ndipo chapati zako zinapoharibikia, mapema kabisa, kabla hata hujawasha jiko.

Unga wa ngano haunywi maji papo hapo. Dakika za mwanzo maji yanakuwa bado yamezunguka chembe za unga, hayajaingia ndani, ndiyo maana unanata vidoleni. Ukiuacha dakika 20 tu, umefunikwa, maji yanazama ndani ya chembe na unga ule ule unaacha kunata bila kuongezewa kitu. Wewe unauona unanata dakika ya pili, unaogopa, unatia konzi moja. Unaendelea, bado unanata, unatia nyingine. Konzi moja ya mtu mzima ina kama gramu 40 hadi 50. Ukitia nne, umeongeza karibu gramu 200, na maji ni yale yale uliyopimia kilo mbili. Hapo una unga mkavu ambao utakuchosha kuukanda, utakuchosha kuusukuma, na mteja atachoka kuutafuna.

Fanya jaribio hili jioni moja ukiwa umetulia, kwa nusu kilo tu. Changanya unga na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha maji mililita 300, yaani zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa unga. Koroga kwa mkono mpaka usione tena unga mkavu chini ya bakuli, halafu acha. Utakuwa na mabonge mabonge na utanata. Uache hivyo hivyo. Funika kwa kitambaa chenye unyevu, nenda ukaoshe vyombo. Ukirudi baada ya dakika 20, paka kiganja mafuta kidogo na uukande mara kumi tu. Utashangaa. Utauona umelainika wenyewe, ngozi yake imenyooka, na bakuli limekuwa safi. Mimi nafundisha upishi, na somo la kwanza kabisa ni hili, kwa sababu mtu akishaliona kwa mikono yake mwenyewe haniulizi tena kuhusu konzi za unga.

Sasa hilo la donge kurudi. Ndani ya ngano kuna protini mbili, glutenini na gliadini. Zikipata maji na kukandwa, zinashikana na kutengeneza utando unaoitwa gluteni. Gliadini ndiyo inayoufanya unga uvutike, na glutenini ndiyo inayoufanya urudi. Unapokanda unazivuta nyuzi za utando huo na kuzikaza. Donge lililotoka kukandwa sasa hivi limekaza kama mpira, na ukilipeleka kwenye kibao papo hapo unashindana nalo. Utalifungua kwa nguvu, na ukiinua tu mti wa kusukumia, linajivuta kurudi lilikotoka. Ukilipumzisha, nyuzi zile zinalegea zenyewe.

Hili nilifundishwa nikiwa kijana, jikoni kwenye hoteli moja ya Dar es Salaam. Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka Unguja, yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa chapati pale. Akishakata madonge yake alikuwa anayapaka mafuta, anayafunika kwa kanga mbichi, anakwenda zake kuswali alfajiri. Mimi nikiona ni kupoteza muda, nasukuma yangu haraka haraka. Siku moja akanikuta natoka jasho juu ya donge moja ambalo halikutaka kupita ukubwa wa kisahani. Hakunigombeza. Alilichukua lile donge langu, akalikusanya, akalitia chini ya kanga pamoja na yake. Baadaye akanirudishia lile lile. Nililigusa kwa mti mara nne au tano, likaenda mpaka ukingoni mwa kibao na likakaa huko huko. Ule unga niliukanda mimi, kwa mikono ile ile. Kilichoongezeka ni muda wa mama kuswali tu.

Kwa hiyo pumzisha mara mbili: dakika 30 baada ya kukanda, na dakika 15 hadi 20 baada ya kukunja madonge. Kama huna saa karibu, tumia kidole. Bonyeza donge. Shimo likiruka kurudi mara moja, bado. Likirudi polepole na kuacha alama, sukuma.

Nakuja kwenye lililo muhimu zaidi kwako wewe unayeuza, yaani chapati kubaki laini mpaka saa nne. Acha maji baridi. Kwa kilo mbili zako, toa kwanza gramu 600 za unga uziweke kwenye beseni. Chemsha maji nusu lita, na yakiwa bado yanatokota uyamimine juu ya unga huo ukikoroga kwa mwiko. Usitie mkono, utaungua. Utapata kitu kama ugali mwepesi wenye mabonge. Kiache kipoe mpaka mkono uvumilie. Ndipo utie unga uliobaki, chumvi vijiko vinne vya chai, mafuta vijiko vinane vya chakula, na maji ya uvuguvugu kama robo tatu ya lita. Haya ya mwisho usiyamimine yote kwa mkupuo. Baki na kikombe kidogo mkononi uone unga unavyopokea, kwa sababu unga mmoja unakunywa zaidi ya mwingine, na hata unga ule ule msimu wa mvua unakuwa na unyevu wake tayari.

Ugali wenyewe unakueleza kwa nini. Wanga wa ngano ukifika joto la kama nyuzi 60 unavimba na kushika maji, hauyaachii kirahisi. Sehemu ile uliyoichoma kwa maji moto inabeba maji mengi zaidi ya unga wa kawaida, lakini mkononi haikunatii sana. Na gluteni ya sehemu hiyo inapoteza nguvu kwa joto, kwa hiyo donge zima linakuwa pole, halirudi kwa hasira. Chapati inaingia kwenye chuma ikiwa na maji zaidi, na inatoka ikiwa na maji zaidi. Chapati yoyote ikipoa wanga wake unaanza kukaza, huwezi kuzuia, lakini hii inachelewa. Wateja wako wa saa nne wataiona tofauti.

Mafuta usiyabanie. Ukiyatia kwenye unga kabla ya maji ya mwisho yanazifunika chembe, gluteni haikazi kupita kiasi. Na yale ya kupaka ndani ndiyo yanayotenganisha tabaka. Chapati yetu ya kusukuma ni ndugu zaidi wa paratha, ule mkate wa Kihindi wa tabaka tabaka, kuliko ile chapati ya Kihindi ya kila siku, ambayo haikunjwi na mafuta ndani. Kwa hiyo sukuma donge kwanza, paka mafuta mpaka pembeni, viringisha liwe kama kamba, kisha lizungushe kama konokono na mkia uufiche chini. Ukisukuma mara ya pili, anzia katikati kwenda nje, ukigeuza chapati kidogo kila mara, na mkono wako uwe mwepesi. Ukikandamiza, tabaka ulizozitengeneza kwa taabu zinagandana tena. Unga wa kusukumia nyunyiza kiasi tu, kwa sababu unaobaki juu ya chapati unaungua kwenye chuma na kuacha uchungu.

Kwenye chuma sina mengi. Kiwe moto vya kutosha hata tone la maji liruke na kukauka. Upande wa kwanza ukianza kutoa mapovu, geuza. Upande wa pili ukipata madoa, ndipo upake mafuta na kugeuza tena. Chapati moja isizidi dakika mbili tatu. Wengi wanapunguza moto wakiogopa kuunguza, chapati inakaa dakika tano au sita, na muda wote huo inakauka. Kama ni jiko la mkaa, tandaza makaa yaenee, usiyarundike katikati. Chapati zikitoka zipange moja juu ya nyingine ndani ya hotipoti uliyoitandika kitambaa safi, na kingine juu yake kabla ya kufunika. Mvuke wa chapati yenyewe ndio unaolainisha kingo, na kitambaa kinazuia matone ya mfuniko yasizilowanishe. Zilizobaki usiziweke friji ukitegemea zitabaki laini, baridi ya friji inaukaza wanga haraka zaidi. Kesho yake zipashe moto kwenye chuma, zitalainika tena.

Kuhusu baking pauda, mimi siitii kwenye chapati ya kusukuma. Inaingiza vipovu, chapati inakuwa nyepesi ikiwa moto, lakini ikipoa inamong'onyoka na kukauka upesi, na ladha yake unaisikia. Maziwa yanafaa, yanalainisha na kutia rangi, lakini kwa biashara yako yatakula faida bila kuondoa tatizo. Na unga wako siamini kuwa ni mbaya. Ungekuwa hauna nguvu, donge lingekatika na kuchanika. Lako linarudi, maana yake gluteni ipo ya kutosha. Usibadilishe unga na njia kwa wakati mmoja, hutajua kipi kimekusaidia.

Najua unawaza muda, kwa sababu wateja ni saa kumi na mbili. Anza saa kumi alfajiri kwa kuchoma ile sehemu ya kwanza. Inapoa wakati unaandaa chai na kupanga vyombo. Saa kumi na nusu unga uwe umekandwa na umefunikwa. Saa kumi na moja kata madonge, ukilenga gramu 85 hadi 90. Kwa kilo mbili utapata kama 36 hadi 38. Ukimaliza kukunja la mwisho, la kwanza litakuwa limeshapumzika, anza nalo. Kama una friji unaweza kukanda usiku, ukayapaka madonge mafuta na kuyafunika yasiote ngozi, kisha ukayatoa mapema yaondoke baridi. Bila friji sikushauri. Kwa joto la Morogoro, asubuhi utakuta unga umelegea na unanukia uchachu.

Mwisho, viganja vyako, na hili lisikilize vizuri. Hujaniambia unakandia wapi, lakini mtu anayeumwa viganja mara nyingi anakandia juu sana, mezani panapomfika tumboni, akisukuma kwa vidole na misuli ya mkono peke yake. Meza ifike usawa wa nyonga. Kama beseni liko chini, kaa kwenye kigoda kifupi, beseni likae kati ya miguu, uinamie kutoka kiunoni. Mikono inyooke, sukuma kwa sehemu ile nene ya kiganja iliyo karibu na kifundo, uzito utoke mabegani. Sukuma mbele, kunja donge kukuelekea, ligeuze robo, sukuma tena. Ukiona kifundo cha mkono kinapinda sana, umekaa vibaya. Unga uliolowa vizuri na kupumzika unataka dakika nane hivi za kukanda, si nusu saa. Simama ukibonyeza na kuukuta laini kama ndewe ya sikio.

Mkopo wa mashine uache kwanza. Kwa kilo mbili kwa siku hauwezi kujilipa. Tuzungumze tena ukifika kilo sita au saba. Ila kama vidole vinakufa ganzi usiku, au maumivu yanaendelea hata siku usizokanda, nenda hospitali ukaangaliwe mkono, usisubiri.