Siwezi Kuamua Hata Nipike Nini

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 37, naishi Sanawari hapa Arusha na wanangu wawili. Baba yao tulishaachana. Miaka tisa nimekaa mapokezi kwenye hoteli moja mjini. Mwanzoni mwa Aprili hii tuliitwa ofisini watu sita, tukaambiwa wageni hakuna, tukakabidhiwa barua za kupunguzwa kazi. Mama anataka nirudi Kibosho. Dada yangu yuko Dar, anasema nimfuate. Rafiki yangu wa Kiboriloni anataka tuchange mtaji wa mitumba. Mchungaji anasema nitulie. Kila ninayemsikiliza naona anasema kweli. Kipindi cha korona niliwahi kukaa bila mshahara nikauza ubuyu tukaishi, lakini sasa sijiamini hata kidogo. Juzi nimesimama soko la Kilombero karibu nusu saa kati ya dagaa na mchicha, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Nifanyeje?*
*Mama Wawili, Sanawari*

Marahaba mwanangu. Pole sana.

Kabla ya habari za moyo, kuna tarehe. Kama unaona hamkupunguzwa kwa haki, kwa mfano hakuna aliyekaa nanyi kujadiliana kabla barua hazijaandikwa, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo hazingoji mtu amalize kulia. Halafu kuna kiinua mgongo. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inasema mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Wewe una 9, kwa hiyo ni siku 63. Kaa na barua yako upige hesabu, kisha pita NSSF uulizie fao la kukosa ajira. Kwa hayo yote nauli ya daladala inatosha, kujiamini kutakuja baadaye.

Sasa hao washauri wako. Sijawahi kuwaona, nabahatisha tu. Mama yuko peke yake kihambani, shamba la ukoo, na anakuhitaji. Dada Dar anatoka alfajiri kwenda kazini, nyumba inabaki na msichana wa kazi asiyemwamini. Rafiki wa Kiboriloni amesikia una pesa inakuja. Mchungaji angalau hajakuomba mtaji! Hakuna mwenye nia mbaya hapo, ila kila ushauri unatoka na harufu ya jiko ulikopikwa. Ndiyo maana wote unawaona wakweli. Wanasema kweli, ila ni kweli yao. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chombo chenyewe ni wewe na wanao wawili.

Mimi yalinikuta. Kiwanda nilichokuwa karani kilipofungwa, nilizunguka miezi minne nikiuliza watu. Nilikuwa nikimaliza kuongea na mmoja nimepata nguvu, nikifika kona ya pili nimeishiwa, natafuta mwingine. Mwishowe sikuamua jambo kubwa lolote. Nilijiambia kesho nitaamka saa kumi na moja nikande unga wa maandazi. Nikaamka. Siku ya kwanza nilikaanga 40, yakabaki 12, wanangu wakala mpaka wakachoka. Lakini nilikuwa nimesema nitaamka na nimeamka, na kwa miezi minne hiyo sikuwa nimetimiza hata neno moja nililojiambia. Kesho yake nilikaanga 30.

Ndiyo sababu mstari wako wa ubuyu umenisimamisha. Umeuandika ukaupita haraka kama mtu anayepita mlango wa anayemdai. Rudi hapo. Mwaka 2020 hoteli za mji huu zilikaa kimya, wageni hawakuja, na wewe ulipata wapi wazo la ubuyu? Nani alikuambia uweke sukari kiasi gani, pakiti uuze bei gani, nani umkopeshe na nani umwambie hakuna? Naamini hukuitisha kikao. Uliamua asubuhi, jioni ukaona matokeo, ukarekebisha. Mwanamke yule na huyu aliyesimama Kilombero ni mmoja, ila huyu wa sasa anataka kuhakikishiwa kwanza. Na hiyo hakika unayoililia, hata mapokezi hukuwa nayo. Ulikuwa na mazoea na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kumbe wakubwa wako walikuwa wameshaanza kuorodhesha majina ya wa kupunguzwa.

Nunua kaunta buku dogo. Kila asubuhi andika jambo moja unaloamua wewe, dogo kiasi kwamba usipolitimiza utaona aibu: leo nampigia yule msimamizi wa zamani, leo napeleka barua CMA. Jioni andika kilichotokea, hata kama umeshindwa. Kwa wiki mbili usimsimulie mtu. Dada akipiga simu, mweleze habari za watoto.

La kuhama liache mpaka likizo ya Juni. Watoto wako katikati ya muhula, na sasa hivi ni masika. Kuanzia Juni wageni hurudi, hoteli nazo huanza kutafuta watu, na mwenye miaka tisa ya mapokezi hapangi foleni moja na anayeanza. Wakati huo ukiona Kibosho ndiko, utaenda kwa miguu yako, na mama atapata mtoto aliyechagua kurudi.

Rafiki wa mitumba mwambie kwa sasa hapana. Usimpe sababu, maana kila sababu utakayotoa atakuja na jibu lake, na kabla hujakaa sawa mmeshafungua belo.

Jioni hii loweka mahindi na maharage, kesho upike makande. Hilo nimekuamulia mimi. La keshokutwa uniandikie.