Mshipi wa kayaki: tazama mwamba kabla ya samaki

Mwaka wangu wa kwanza na kayaki nilipoteza kolekole watatu mahali pamoja, kwenye mwamba mmoja hapa Pemba, ukitoka Wesha kuelekea kisiwa cha Misali, ndani ya wiki moja. Kila mara mambo yalikuwa yale yale: samaki anakamata, rili inalia, kayaki inageuza pua kumfuata, halafu ghafla mkono unakuwa mwepesi. Nilikuwa na nailoni ya ratili 20, yaani inayobeba uzito huo kabla ya kukatika. Nikanunua ya 40. Wa nne naye akaenda. Nilishaweka nia ya kununua ya 60, na ningeinunua, lau si ami yangu kuniomba nimletee ule mshipi uliokatika.

Ami amevua mshipi wa mkono tangu sijazaliwa. Aliishika ncha, akaipitisha taratibu baina ya kucha ya kidole gumba na kidole cha shahada, akarudi nyuma kiasi cha pima moja, akasimama. "Pita hapa na wewe," akaniambia. Nikapitisha kucha. Uzi ulikuwa unakwaruza kama ukingo wa kifuu, na ukiutazama juani una madoa meupe.

"Huu haukukatika kwa kuvutwa, mwanangu. Huu umesagwa. Ungetia hata wa kufungia mashua, jiwe lingeusaga."

Tangu siku ile kila mshipi unaokatika naangalia ncha yake kabla sijafanya jambo jingine, na nakuomba nawe uanze hivyo. Ncha iliyokwaruzika na kuota weupe kwa urefu wa mkono au zaidi ni kazi ya matumbawe. Ncha iliyokatwa safi, kama kwa wembe, ni meno: nguru, mzia, au papa mdogo. Ncha iliyojiviringa kama kikono cha mtango ni fundo lililoteleza, na hapo kosa ni lako, si la mwenye duka. Katika miaka niliyovua pande hizi, mishipi yangu iliyokatika kwa kulemewa na uzito wa samaki peke yake haizidi vidole vya mkono mmoja.

Kwa hiyo mtu akiniuliza "ninunue mshipi wa ratili ngapi?", mimi humuuliza kwanza anavua juu ya nini, na anamtaka samaki mwenye mdomo gani.

Kayaki yenyewe ni breki

Mtu aliyezoea boti ya mashine huona ajabu hapa. Boti ni nzito, haisogei, kwa hiyo nguvu yote ya samaki inaingia kwenye mshipi. Kayaki ni nyepesi. Kolekole wa kilo nane anakukokota na chombo chako, na kila anapokukokota anachoka. Ndiyo maana kwa sehemu kubwa ya uvuvi wetu wa kayaki mshipi mkuu wa ratili 20 hadi 30 unatosha. Ukitia wa 80 hutaweza kuitumia nguvu yake, kwani kabla haujafika hata nusu yake wewe umeshapinduka. Breki ya rili mimi naifunga kwenye robo ya nguvu ya mshipi: kwa uzi wa ratili 30 ni ratili saba au nane, nikipima kwa mizani ya kuning'iniza, si kwa kuvuta na kukisia.

Ila chewa ana hesabu yake. Hakimbii mbali, anarudi shimoni. Ukimpa nafasi ya pima mbili ameshaingia pangoni na kutanua mashavu. Hapo ule wepesi wa kayaki unageuka kuwa adui, kwa sababu badala ya kumzuia unavutwa juu ya pango lake. Namvua chewa pale tu ninapoweza kuanza kupiga kafi kutoka mwambani mara anapokamata, rili nimeibana zaidi, na kipande cha mbele, kile kinachofungwa ndoana, ni kinene.

Nailoni au uzi wa kusuka

Nailoni tunaijua sote. Inavutika, na huko kuvutika kunasamehe makosa: samaki akishtuka ghafla karibu na chombo, nailoni inanyumbuka badala ya kung'oa ndoana. Inahimili kusuguliwa kuliko uzi wa kusuka wa nguvu ile ile, kwa sababu ni nene. Ubaya wake ni kwamba inakunywa maji, na ikishakunywa inapungua nguvu, pengine asilimia 10 au zaidi. Jua nalo linaila. Katika pima 20 za maji, kule kuvutika kunakufanya usisikie changu anapoonja chambo.

Uzi wa kusuka, ambao vijana wanauita breidi, hauvutiki hata kidogo kwa mkono wa kawaida. Kwa nguvu ya ratili 30 unene wake ni karibu nusu ya nailoni. Huo wembamba una faida kubwa kwetu kuliko kwa watu wengi, kwa sababu ya maji yetu. Siku za bamvua bahari hapa inapwa na kujaa kwa karibu mita nne, na mkondo unaopita kwenye mlango wa mwamba unaupinda mshipi mnene kama upinde. Utatia chubwi kubwa, ule uzito wa kuzamisha, kisha kubwa zaidi, na bado chambo hakigusi chini. Nilipohamia uzi wa kusuka nilipunguza chubwi karibu nusu, na nikaanza kumsikia hata tasi anapodonoa. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo.

Una mambo yake matatu lakini. Kwanza, unateleza kwenye gurudumu la rili likiwa tupu, basi anza na pima chache za nailoni ndipo uuzungushe. Pili, jiwe likiugusa umekwisha, haungoji kusagwa. Tatu, na hili nalisema kwa uzito: usiuvute kwa mkono mtupu hata siku moja. Niliuzungusha mara moja tu kwenye kiganja ili ning'oe ndoana iliyonasa, wimbi likainua kayaki, na uzi ukaingia nyamani mpaka nikaona weupe. Alama ipo mpaka leo. Ukinasa, uzungushe kwenye mpini wa kafi au kipande cha mti, vuta kwa hicho.

Hapa pia ndipo nilipomwelewa ami. Nilikuwa nikimwona anatumia nailoni ya milimita 0.80 kwa changu wa kilo moja, nikidhani ni ukale. Kumbe kwa mshipi wa mkono unene si kwa ajili ya samaki, ni kwa ajili ya vidole. Nailoni chini ya milimita 0.60 inakata mkono anapokimbia samaki mkubwa, hata ukivaa vipande vya mpira wa tyubu vidoleni. Basi wewe unayevua kwa mkono ukiwa kwenye kayaki baki na nailoni nene, na chini funga kipande chembamba. Uzi wa kusuka uwaachie wenye rili.

Kipande cha mbele ndicho cha kugharamia

Pesa zako za ziada zitie kwenye kile kipande kinachokaa baina ya mshipi mkuu na ndoana. Ndicho kinachogusa jiwe, ndicho kinachogusa meno, ndicho samaki anachokiona.

Kwa uvuvi wa chini mwambani natumia kipande cha pima moja na nusu hadi mbili, cha ratili 40 kwa changu na 60 hadi 80 kwa chewa. Fluorokaboni, uzi mwingine unaofanana na nailoni kwa sura, ni ngumu zaidi dhidi ya msuguano, inazama, na majini inaonekana kidogo kuliko nailoni. Kwa maji meupe ya upande wa Misali asubuhi, wakati unauona mchanga chini kabisa, nimeona inaleta tofauti kwa changu wakubwa waliokwisha kuwa wajanja. Kwa maji ya vumbi ya kusi sijaona faida. Nailoni ngumu ya bei ya kawaida inafanya kazi ile ile, mradi uibadilishe.

Kwa kurambaza, yaani kukokota chambo nyuma ya chombo, ukitafuta nguru, ni lazima waya. Najua wapo wanaobisha, kwamba nguru ana macho na maji yetu ni meupe, na kweli anauona. Jibu langu ni waya mwembamba, mfupi, shubiri moja au moja na nusu, kisha swiveli (kile kiungo kinachozunguka), kisha kipande cha fluorokaboni. Nimejaribu bila waya kwa nailoni ya ratili 80. Wawili nilipata kwa sababu ndoana ilishika pembeni mwa mdomo, waliobaki walikata na kuondoka na chambo.

Kila baada ya samaki, pitisha kucha. Ikikwaruza, kata. Inauma kukata nusu pima ya uzi wa bei, najua, lakini nusu pima ni rahisi kuliko songoro.

Mafundo

Fundo la nailoni na fundo la uzi wa kusuka si moja. Fundo la kawaida la kuzungusha mara tano na kupitisha linateleza kwenye uzi wa kusuka. Tumia la Palomar, lile la kuukunja uzi mara mbili, kuupitisha tunduni, kufunga fundo moja na kuipitisha ndoana ndani ya kitanzi. Fundo lolote lilowanishe kwa mate kabla hujalikaza, kwa sababu joto la msuguano linaua nailoni pale pale ulipotaka nguvu. Kuunga uzi wa kusuka na kipande cha mbele, jifunzie nyumbani barazani. Kwenye kayaki, mawimbi yakikuchezesha, si mahali pa kujifunza.

Jinsi ninavyojaribu mshipi mpya

Niliwahi kununua kigurudumu cha nailoni kilichoandikwa ratili 50, kilichokuwa kimening'inizwa mlangoni mwa duka juani sijui kwa muda gani. Kilikatika mikononi mwangu nikikivuta tu. Sasa nina dumu. Lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo moja ni ratili mbili na kitu. Uzi wa ratili 30 unatakiwa ubebe kilo 13 na nusu hivi. Naulowesha usiku mzima, naufunga kwa fundo lile lile nitakalolitumia, naning'iniza dumu kwenye tawi la mwembe, natia maji ya lita 10 kwanza, kisha naongeza taratibu kwa kibuyu. Ukikatikia fundoni kabla ya lita 10, ama fundo ni baya ama uzi ni mbovu. Nalifunga upya mara moja, ukirudia naurudisha dukani. Baada ya hapo nauweka ndani, gizani. Nailoni yangu ya rili naibadilisha kila kaskazi inapoanza, hata ikiwa inaonekana nzima.

Rangi nakuomba usiiwazie sana. Mshipi mkuu uwe rangi unayoiona wewe, kipande cha mbele kiwe hakina rangi, basi.

Lipo moja sitaki kuliruka. Kayaki huna pa kukimbilia mshipi ukikuzunguka. Usiufunge kwenye chombo, usiufunge kiunoni wala mguuni, na kisu kikae mahali mkono wowote unafikia, mimi nakifunga kifuani kwenye jaketi la kuelea. Na vipande unavyokata usivitupe. Misali kasa wanapanda kutaga, na nilimkuta mmoja na nailoni imemzunguka kono la mbele, imeshazama ngozini. Nilimshikilia ubavuni mwa kayaki, nikaikata taratibu kwa ncha ya kisu, nikahesabu mizunguko sita. Ilikuwa nailoni ya kijani, ya milimita 0.50 hivi, kama niliyokuwa nayo siku ile kwenye rili yangu. Tangu hapo nimefunga chupa ya maji tupu nyuma ya kiti, kila kipande kinaingia humo, na ikijaa inarudi nami nchi kavu.