Kujitolea Kulinda Kasa Ng'ambo

Swali: Assalaam alaykum, Mhariri. Nimekubaliwa kujitolea Costa Rica kulinda kasa wanaotaga, ila natakiwa nijilipie chakula na malazi. Je, si utapeli huu? (Msomaji, Wete)

Jibu: Waalaykumu ssalaam. Si lazima uwe utapeli, kwani miradi mingi huendeshwa kwa michango hiyo. Hata hivyo, usitume fedha kabla ya kupewa mchanganuo wa gharama kwa maandishi. Huko Tortuguero, ufukwe wa Costa Rica ambako kasa hutaga zaidi kati ya Julai na Oktoba, kazi ni ya usiku: kutembea ufukweni bila tochi ya mwanga mweupe, kumngoja kasa amalize kuchimba, kisha kuhesabu mayai yanapodondoka, nayo huweza kuzidi 100. Kwa maoni yangu, ulizia kwanza Misali, kisiwa kidogo karibu na Pemba, ambako kasa hutaga pia na nauli ni ya mashua tu.