Tarakimu za vigawo: jinsi ya kuzijumlisha usikosee

Chukua 1498, mwaka ambao Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Tafuta vigawo vyake vyote, yaani nambari zinazoigawanya bila baki, jumlisha tarakimu za kila kimoja, kisha jumlisha majibu yote. Ukianza na 1, 2, 3 ukaendelea hivyo, utapata mfuatano huu: 1, 3, 4, 7, 6, 12, 8, 15, 13, 9, 3, 19. Hadi 9 hauna tofauti na jumla ya kawaida ya vigawo. Unaachana nayo kwenye 10, kwa hiyo ukitaka kuutafuta katika hazina ya mifuatano ya nambari (OEIS) aliyoianzisha mwanahisabati Neil Sloane mwaka 1964, andika nambari zote hizo 12.

Vigawo vitafute kwa jozi. Kipeuo cha pili cha 1498 ni kama 38.7, basi jaribu 1 hadi 38 tu, na kila unapopata kigawo andika mwenzake papo hapo: 1 na 1498, 2 na 749, 7 na 214, 14 na 107. Tarakimu zinatoa 23, 22, 14 na 13, jumla 72.

Tafadhali usiliamini jibu kabla ya kulipima. Nambari na jumla ya tarakimu zake huacha baki ileile zikigawanywa kwa 9. Sasa 1498 ni 2×7×107, na vigawo vyenyewe vikijumlishwa ni (1+2)×(1+7)×(1+107), yaani 3×8×108, sawa na 2592. Hiyo na 72 zote zinagawanyika kwa 9 bila baki. Sawa.

Lakini kipimo hiki kina tundu, na wengi hupotelea hapo. Kwa 36 jibu ni 46. Ukisahau 18 utapata 37, na zote mbili huacha baki 1! Dawa yake ni kuhesabu vigawo: 36 ni 2²×3², ongeza 1 kwa kila kipeo, 3×3, lazima viwe 9. Vikiwa 10, umeandika 6 mara mbili kwa kuwa mwenzake ni 6 yenyewe.

Wala usijaribu kuzidisha ili kufupisha kazi. 2 inatoa 3, 5 inatoa 6, ila 10 inatoa 9, si 18.

Walimu wa Lamu, wapeni wanafunzi 2001, mwaka ambao mji wa kale uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ni 3×23×29, vigawo 8, na jibu ni 72 ileile ya 1498. Atakayeleta 69 ameacha ama 3 ama 2001 yenyewe.