Jibu: Kwa nini mabinti wa voliboli wa vyuo vya Marekani hubanwa na klabu za Ulaya?

Mkuu, umeuliza kwa nini timu ya chuo inayotamba kwao ikienda Italia au Slovenia inasumbuliwa na klabu isiyojulikana. Kwanza, ziara hizo si mashindano. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu timu kutoka nje ya nchi mara moja tu kila miaka 4, na inaipa siku 10 za ziada za mazoezi kabla ya kuondoka. Kocha anakwenda kujaribu watu, matokeo anayaweka pembeni.

Ila kinachowaumiza hasa ni sheria. Kwao, voliboli ya wanawake inaruhusu mabadiliko 15 ya wachezaji kwa seti. Huko wanakutana na 6 ya FIVB, shirikisho la voliboli la dunia. Sasa chukua mpigaji mrefu wa pembeni. Chuoni, zamu ya kuzunguka nafasi ikimpeleka mstari wa nyuma anatoka, anaingia binti mfupi mwepesi kupokea na kuokoa mipira. Akirudi mbele anaingia tena kupiga, na mchezo huo unajirudia seti nzima. Kwa sheria za FIVB aliyeanza seti akishatoka anarudi mara moja tu. Baada ya hapo inabidi apokee sevu mwenyewe, na wapinzani wakishamwona magoti yamekaza wanampelekea yeye kila mpira!

Halafu libero wao, yule mchezaji maalumu wa ulinzi wa nyuma, amezoea kupiga sevu, kule haruhusiwi.

Usisahau pia kwamba hao "wasiojulikana" mara nyingi ni watu wazima waliocheza ligi miaka mingi. Binti wa miaka 19 atawasoma saa ngapi?