Kabla ya Kununua Kufuli au Shamba: Ushauri kwa Anayekwenda Kuishi Kijijini Java

Watu wanaoniandikia kutoka Tanzania na Kenya wakitaka kuhamia Java, wengi wao wakiwa wameoa au kuolewa huku kama mimi, huuliza maswali mawili kabla ya mengine yote: je, kuna wizi, na je, ninaweza kununua shamba? Ninaishi kijijini kwa wakwe zangu, katika wilaya ya Sragen, Java ya Kati, miongoni mwa wakulima wa mpunga, na jibu langu kwa maswali yote mawili huanzia kwa majirani, ingawa haliishii hapo.

Siku utakapofika, kabla hujamaliza kufungua mabegi, mwombe mwenyeji wako akupeleke kwa mwenyekiti wa RT, yaani umoja wa majirani unaokusanya kaya kadhaa za jirani kwa jirani. Vijiji vingi vina kibao njiani kinachomtaka mgeni anayelala aripoti ndani ya saa 24. Mbegu ya utaratibu huu ilipandwa na Wajapani walipoikalia Java mwaka 1942 hadi 1945, na serikali zilizofuata zikaukuza kwa manufaa yao, kwa hiyo usidhani ni ukarimu mtupu; unaandikwa na unaangaliwa. Aliyekulia chini ya balozi wa nyumba kumi hatahitaji maelezo marefu. Nenda na nakala ya pasipoti, cheti cha ndoa na kibali cha ukaaji, vaa shati lenye kola, na ukubali chai utakayopewa hata kama umeshiba, kwa sababu barua nyingi utakazozihitaji katika ofisi za juu huanza na sahihi ya mzee huyu, ambaye asubuhi utamkuta jarubani na jembe lake kama wengine.

Baada ya hapo omba uingizwe kwenye zamu ya ulinzi wa usiku, ambayo huitwa ronda. Usingoje kuombwa, maana Wajava wana haya ya kumwomba mgeni jambo, na ukikaa kimya watakuacha ulale huku wakikuhesabu kuwa mtu wa pembeni. Kwenye kibanda cha walinzi kuna ubao wa majina kwa siku za juma, na mlangoni pametundikwa kentongan, gogo au pingili ya mwanzi iliyochimbwa na kupasuliwa ubavuni, inayopigwa kwa rungu dogo. Kwetu tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Huku inabidi ujue pia ni jambo gani, kwa sababu mapigo mawili mawili ni wizi, matatu matatu ni moto, na mfululizo wa haraka usio na kituo ni hatari inayomtaka kila mtu atoke. Jifunze mapigo hayo mapema, maana usiku wa manane hakuna wa kukutafsiria.

Walinzi wanapozunguka hukusanya jimpitan. Kwenye ukuta wa mbele wa kila nyumba kuna kikopo kidogo cha plastiki kilichopigiliwa msumari karibu na mlango. Zamani kilitiwa konzi ya mchele, siku hizi mara nyingi ni sarafu ya rupia 500. Mlinzi hukimulika kwa tochi, humimina sarafu mfukoni au ndooni, kisha hupita. Fedha hizo hununua balbu za njiani au husaidia familia yenye mgonjwa, lakini kwa maoni yangu faida kubwa ni kwamba kila usiku kuna mtu anayesimama mlangoni pako. Kikopo kikikaa kitupu kwa siku kadhaa, mama wa jirani atakuja kuuliza kama mko wazima.

Ndiyo, wizi upo. Huibwa pikipiki, kuku, pampu za kuvutia maji shambani, ndege wa kufugwa wanaoning'inizwa vizimbani barazani (wapo wenye bei ya kuzidi mbuzi), na pilipili zikiwa zimepanda bei sokoni. Funga usukani wa pikipiki na uongeze kufuli la gurudumu hata ukiiacha uani. Ukuta mrefu wenye vipande vya chupa siushauri, kwa sababu humzuia jirani kuona zaidi ya unavyomzuia mwizi kupanda. Na mwizi akikamatwa, kaa mbali na kundi. Wale ambao magazeti yetu huwaita wananchi wenye hasira kali wapo huku pia, na mgeni aliyeonekana akirusha ngumi atakuwa wa kwanza kukumbukwa polisi watakapofika. Mtafute mwenyekiti, ahimize mtu huyo apelekwe kituoni akiwa hai.

Kuhusu ardhi, neno la jirani ni la lazima lakini halitoshi. Sheria ya ardhi ya mwaka 1960 imewapa umiliki kamili raia wa Indonesia peke yao, na mgeni anaweza kupata haki ya kutumia tu, tena kwa muda. Mtego mkubwa uko ndani ya ndoa. Sheria ya ndoa ya mwaka 1974 inahesabu mali inayopatikana baada ya kuoana kuwa ya wote wawili, hivyo jaruba atakalonunua mkeo au mumeo kwa fedha yake mwenyewe lina sehemu yako, na sheria ya ardhi inamtaka mgeni aliyepata umiliki kwa njia hiyo auachie ndani ya mwaka 1. Kinga yake ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulipaswa kufanywa kabla ya harusi au siku yenyewe ya harusi. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliruhusu wanandoa kuufanya hata ndoa ikiwa inaendelea. Unaandikwa kwa mthibitishaji wa hati, anayeitwa notaris, na kusajiliwa kwenye ofisi inayohusika na ndoa yenu, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kupoteza shamba. Zungumzeni mapema, na baba mkwe aelezwe kwa upole kwamba karatasi hiyo haiandai talaka, bali inamlinda binti yake.

Atatokea mtu, pengine shemeji mwenye nia njema kabisa, akakuambia, "Nunua kwa jina langu, sisi ni ndugu." Kataa kwa adabu. Mauziano ya kuficha mnunuzi wa kigeni ni batili kisheria, ardhi yenyewe huweza kuangukia serikalini, na fedha uliyolipa haidaiwi.

Hata mwenzi wako anaponunua kihalali, msiridhike na stakabadhi ya kodi ya ardhi wala dondoo ya kitabu cha kijiji kinachoitwa Letter C. Zote mbili zinaonyesha nani amekuwa akilipa na kutumia, si nani anamiliki. Hati inayotegemewa ni ile ya ofisi ya taifa ya ardhi, na tangu mwaka 2017 kumekuwa na mpango wa kupima vijiji vizima na kutoa hati, ingawa bado utakutana na majaruba yaliyosajiliwa kwa jina la babu aliyefariki zamani. Hapo warithi wote watie sahihi, pamoja na yule anayefanya kazi Jakarta na yule aliyenuniana na nduguze. Kisha tembeeni kingo zote za shamba mkiwa na majirani wa pande nne, mchana, mkiulizia pia maji yanaingilia wapi na zamu ya mfereji ikoje. Shamba lenye hati safi lakini lisilo na njia ya maji litakutesa.

Familia yenye shida ya fedha huweza kukuwekea shamba rehani: unatoa fedha, unalima, nao wanalikomboa watakapoweza. Jua kwamba kwa sheria nyingine ya mwaka 1960, rehani ya shamba iliyofikisha miaka 7 inamlazimu aliyelishika kulirudisha bila kudai chochote. Sijaona wengi wakiikumbuka, lakini ipo, na ni ya haki, kwa kuwa mavuno ya miaka hiyo yameshakulipa. Ukiuza mpunga ukiwa bado umesimama shambani, kama wanavyofanya wengi, pokea kishika uchumba siku ya makubaliano na fedha yote kabla mundu au mashine haijaingia, kwani bei ikishuka ghafla mnunuzi hukumbuka kasoro ambazo juzi hakuziona.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hakuna anayeniuliza, nami naliogopa kuliko mwizi. Panya ni adui mkubwa wa mpunga huku, na baadhi ya wakulima, Sragen na wilaya jirani ya Ngawi hasa, huzungushia jaruba waya mtupu, inchi chache juu ya tope, na usiku huuunganisha na umeme wa nyumbani wa volti 220. Mamlaka zimekataza, lakini watu wanaendelea kufa, na mara nyingi anayekufa ni mwenye shamba mwenyewe aliyekwenda kutazama maji gizani, au jirani aliyekatisha juu ya kingo. Usipite majarubani usiku kwa njia ya mkato hata kama umeizoea mchana. Ukimwona mtu ameanguka kwenye maji ya shamba, usimguse. Piga kelele na umeme ukatwe kwanza. Shamba likiwa lenu, kataeni waya huo hata mkichekwa. Yapo mawindo ya pamoja ambapo kijiji kizima hufukua mashimo kabla ya kupanda, na katika kijiji cha Tlogoweru, wilayani Demak, wakulima wamejenga vijumba vya bundi juu ya nguzo, nao bundi hula panya usiku kucha bila kumuua mtu.

Panya hao pia huacha mkojo majini, unaoleta leptospirosisi, ugonjwa uleule ulioitwa homa ya mgunda ulipotokea Lindi mwaka 2022. Mwenye kidonda mguuni avae buti, na homa inayokuja na maumivu ya misuli ya mashavu ya miguu baada ya kazi ya shamba ipelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, ukimwambia mganga kwamba umetoka topeni. Nyoka aitwaye weling, mwenye pingili nyeusi na nyeupe, hutembea usiku na kuumwa naye huenda kusiume sana, jambo linalowadanganya watu wakalala. Lala kitandani, chomeka chandarua, na aliyeumwa apelekwe hospitali hata kama anasema hajisikii vibaya.

Mnaposafiri wakati wa Idi, kijiji hugeuka: wenyeji wa mijini hurudi, na sura ngeni huwa nyingi. Mwambie mwenyekiti tarehe ya kuondoka na ya kurudi, acha namba ya simu na ufunguo wa uani kwa jirani, ondoa mtungi wa gesi kwenye jiko, na utie kikoponi sarafu za siku zote mtakazokuwa hampo.